Ruhusa Si Milki: Sanduku la Kaseti na Nyimbo za Simuni



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii naomba niwatoe pwani kwa kitambo kidogo, niwapeleke Nairobi, mtaa wa Kibera, upande wa Makina wanakokaa ndugu zetu Wanubi. Nilikwenda huko kutoa mkono wa tanzia kwa jamaa tuliojuana nao miaka mingi. Marehemu alikuwa bibi mtu mzima, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeacha mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja. Binti mkubwa yuko papo hapo Makina. Mdogo ameolewa Kawangware. Wajukuu walimwita habuba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao, nami nitamwita hivyo hivyo.

Siku za msiba zilipopita, deni moja la dukani likalipwa na wasia ukatekelezwa, wanawe watatu walikaa kitako kugawana kile kidogo alichokiacha. Palikuwa na cherehani, sinia za shaba, mitandio, na sanduku la mbao lililojaa kaseti. Humo mlikuwa na mawaidha ya masheikh wa Mombasa na Zanzibar, qaswida za maulidi, tarabu za Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, na kaseti nyingine ambazo hakuna duka lililopata kuziuza. Hizo zilikuwa za doluka, zile ngoma na nyimbo za wanawake wa Kinubi, zilizorekodiwa katika harusi za mtaani. Na katika mbili kati yake, aliyeongoza kuimba alikuwa habuba mwenyewe.

Sanduku lile liligawanywa baina ya magharibi na isha. Kila kaseti ilipata mwenyewe, na zilizogombewa walikubaliana zinakiliwe. Hapakuwa na neno.

Kisha ikaletwa simu. Katika miaka yake ya mwisho, macho yalipopungua na kaseti zikawa shida kuzitambua, habuba alikuwa akisikiliza qaswida na kisomo cha Qur'ani kupitia programu moja ya simu. Kila mwezi mkwewe wa Kawangware alimlipia, na nyimbo nyingine alizilipia moja moja kwa kubonyeza palipoandikwa "nunua". Aliwaambia wajukuu, "Hizi nimezinunua, ni zangu." Mabinti walipoifungua programu ile, majina ya qaswida yalikuwa yamepangika vizuri, lakini kila lilipobonyezwa moja, sauti haikutoka. Malipo yalikuwa yamesimama. Waliandika kuuliza, wakajibiwa kwamba akaunti ilikuwa ya marehemu peke yake wala haihamishiki kwa mtu mwingine.

Binti mdogo alinigeukia akaniuliza, "Dada, mama alizilipia kwa fedha ya halali, na risiti zimo humu humu simuni. Basi zimekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jibu nililolitafuta baada ya kurejea nyumbani, na nimeona niwashirikishe, kwa kuwa hapana nyumba siku hizi isiyo na simu yenye vitu vilivyolipiwa.

Kabla sijaendelea, nieleze jambo moja. Wapo wasomaji wetu ambao majumbani mwao hakupigwi ala yoyote, na wapo wanaosikiliza tarabu. Hukumu ya ala si maudhui ya leo. Ninayoyasema yanamhusu anayelipia kisomo, mawaidha na qaswida zisizo na ala sawasawa na anayelipia nyimbo, kwani swali ni la mali: nimelipa, je, nimemiliki?

Fikihi yetu inalo jibu, na ni la zamani kuliko simu na kaseti. Muuzaji humhamishia mnunuzi milki ya kitu chenyewe pamoja na manfaa yake. Ukinunua mkeka, mkeka ni wako. Utaulalia, utaugawa, utauuza, na ukifa wataurithi wanao. Mwenye kukodisha huhamisha manfaa peke yake, kwa muda maalumu na kwa ujira maalumu, na kitu chenyewe hubaki kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo ijara. Zote mbili ni halali, na watu huzihitaji zote. Wanazuoni wetu wa Kishafi wanasema hata zaidi: ijara haivunjiki kwa kufa mpangaji, bali warithi huumaliza muda uliokwisha kulipiwa. Lakini hakuna mwanazuoni aliyesema kwamba warithi wa mpangaji huirithi nyumba.

Tukirudi kwa habuba, yale malipo ya kila mwezi yalikuwa ijara bila ya shaka. Alikodi mlango wa kuingilia ghala la sauti, na siku kodi ilipokoma mlango ulifungwa. Mwenye mlango hakudhulumu katika hilo. Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, huwaruhusu wanaolipa kupakua nyimbo wazisikilize bila ya mtandao, lakini simu sharti iunganishwe na intaneti angalau mara moja kila siku 30, na malipo yakikatika zilizopakuliwa hazilii. Masharti hayo yameandikwa, na anayeyakubali ameyakubali. Vivyo hivyo Skiza ya Safaricom, ambayo wengi wetu tumeitia qaswida: unakatwa kidogo kidogo kwa ajili ya wimbo ambao wewe mwenyewe huusikii, husikia anayekupigia, na ukiacha kulipa huondoka. Hakuna aliyewahi kudai kwamba wimbo wake wa Skiza ni mali yake ya kurithisha.

Tatizo liko kwenye zile alizozilipia moja moja, chini ya neno "nunua". Katika maduka mengi ya nyimbo, vitabu na filamu za mtandaoni, neno hilo ndilo lililo kwenye kitufe, lakini katika masharti marefu ambayo hakuna anayeyasoma, imeandikwa kwamba mteja amepewa leseni tu, yaani ruhusa ya kutumia, na kwamba ruhusa hiyo ni yake binafsi. Mbele wameandika bei ya kuuza, nyuma wameandika masharti ya kukodisha. Mama aliyezoea sokoni kwamba kununua ni kumiliki, atajuaje? Fikihi inalo jina la biashara ambayo mmoja wa wawili hajui hasa anachopewa: inaiita gharari, nayo imekatazwa ili watu wasije wakala mali ya wenzao kwa kutojua kwao.

Nilipomweleza binti mkubwa tofauti hii kati ya ruhusa na milki, alitabasamu kwa huzuni. "Dada," akasema, "hilo watu wa Kibera hatuhitaji kufundishwa. Babu zetu nao walikuwa na karatasi."

Nililitafakari neno lake njia nzima. Wanubi wa Kibera ni kizazi cha askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles. Waliwekwa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, wakati Kibera ikiwa bado msitu, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Walipewa vyeti vya kuwaruhusu kukaa, kujenga na kulima. Hati ya kumiliki ardhi hawakupewa. Wakajenga nyumba na misikiti, wakazaliana, wakazika wazee wao. Lakini ilipoulizwa ardhi ni ya nani, Tume ya Ardhi ya Kenya ya miaka ya 1930 iliwahesabu kuwa ni wapangaji wanaokaa kwa hiari ya Serikali ya Mfalme. Jamii hiyo ilisubiri hadi Juni 2017 ndipo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288, nayo ni sehemu ndogo ya eneo la zaidi ya ekari 4,000 lililopimwa hapo mwanzo.

Sitaki nionekane ninalinganisha dhuluma ya ardhi na kupotea kwa qaswida za simuni. Mizani zake si moja. Lakini mzizi wa fitina unafanana: mtu hukaa miaka na kitu, akakitumia kama chake, akakizoea kama chake, akawaambia wanawe kuwa ni chake, kumbe karatasi yasema vingine. Na siku ya kujua huwa siku mbaya, ama ya msiba ama ya kufukuzwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, nasi tunaona kwamba hata anayeilipia kodi nguo hiyo hana uhakika wa kesho.

Kutoka Makina ni mwendo mfupi tu hadi soko la Toi, wanakouza mitumba. Nilipita huko na binti mkubwa siku ya pili. Kila kilichotandikwa pale kilikwishanunuliwa mara moja, kikavaliwa, kikauzwa tena, wala hakuna kiwanda cha Ulaya kinachodai kwamba shati lake lisiuzwe Toi. Kaseti, santuri na sidii ziko katika hukumu hiyo. Aliyenunua kaseti halisi hakununua haki ya kuizalisha na kuiuza kwa watu. Haki hiyo ni ya mwenye wimbo. Lakini ile kaseti moja iliyo mkononi mwake ni yake, na akitaka kuiuza Toi, atauza.

Je, wimbo wa mtandaoni nao unaweza kuwa mtumba? Huko Marekani kampuni moja iitwayo ReDigi ilijaribu kufungua soko la namna hiyo, mtu auze faili la wimbo alilolinunua na kwake lifutike. Ikashtakiwa na Capitol Records. Mahakama ya New York iliamua mwaka 2013, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwaka 2018, kwamba kulihamisha faili ni kutengeneza nakala mpya, na kutengeneza nakala ni haki ya mwenye wimbo peke yake. Kwa hivyo sahani ya santuri yauzika. Faili la wimbo ule ule haliuziki.

Na kuna lililokuwa zito zaidi. Mwezi wa Julai 2009 Amazon ilivifuta vitabu viwili vya George Orwell, "1984" na "Animal Farm", kutoka katika vifaa vya Kindle vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha zao, na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Lakini hebu tufikirie: muuza vitabu wa Mombasa akigundua kwamba kitabu alichokuuzia kilikuwa na kasoro, ataingia chumbani kwako usiku akitoe chini ya mto wako, kisha akuachie fedha mezani? Asingethubutu, kwani kilipotoka dukani mwake, mkono wake ulikwisha kukatika. Mkono wa muuzaji wa mtandaoni haukatiki.

Wenye kutunga sheria wameanza kuliona hili. Jimbo la California limepitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa vitu vya kidijitali kutumia neno "nunua" bila ya kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Ni jambo jema, nalo linaafikiana na tulilofundishwa sisi tangu zamani, kwamba mwenye kuuza na abainishe.

Hapa yumkini msomaji atasema, "Basi dawa ni rahisi. Tuachane na hizo programu, twende kwa kijana wa kibandani atutilie nyimbo kwenye flashi, tuzishike mkononi." Hilo ndilo aliloniambia mjukuu wa habuba, mtoto wa yule binti wa Kawangware. Kijana huyu ana kibanda chake si mbali na kituo cha matatu za nambari 46. Hutengeneza simu, na huwatilia watu nyimbo na filamu kwenye flashi na memori kadi kwa shilingi chache. Ni kijana mwema, mwenye adabu, na kibanda hicho ndicho kinachomlisha mkewe na mtoto.

"Mama mdogo, mbona mnajitesa?" akaniambia. "Nipe flashi, nikutilie qaswida zote za habuba na nyingine mia juu yake. Hizi hazizimiki mtu akifa."

Nikamuuliza, "Na walioimba, mwanangu, wamekuruhusu?"

Akacheka. "Mama mdogo, Kawangware hii hakuna anayeuliza hilo."

Ni kweli, hakuna anayeuliza, na sisi watu wa pwani tusijitoe. Enzi za kaseti, wangapi kati yetu walikwenda kunakiliwa tarabu dukani wakajiuliza kama mwimbaji amepata chochote? Tulisikiliza sauti za watu waliozeeka bila ya kitu, huku mikanda yao ikinakiliwa kutoka Lamu hadi Vanga. Tulishika kitu mkononi, lakini wenye haki hawakushika chochote.

Haya nayo si maneno ya Wazungu wenye makampuni, kama wengine wanavyosema. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilitoa azimio nambari 43, kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara zina thamani ya mali katika sheria, ni milki ya wenyewe, na haijuzu kuzidhulumu. Sheria ya nchi nayo inasema hivyo: Kenya inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na Bodi ya Hakimiliki iliyowekwa kwa sheria hiyo ndiyo itoayo alama ya uhalali inayobandikwa kwenye sidii na kaseti. Mwaka 2022 sheria hiyo ikarekebishwa ili mapato ya nyimbo za mwito wa simu yasipungue asilimia 52 kwa wenye nyimbo. Wabunge waliona kwamba aliyeimba ndiye aliyekuwa akila makombo.

Kwa hivyo, wasomaji wapenzi, familia ile ilikuwa kati ya njia mbili, na kila moja ina kasoro yake. Ya kwanza ni ya programu: malipo yana sura ya halali na mwimbaji hupata chochote, lakini wewe humiliki. Ya pili ni ya kibandani: kitu kiko mkononi mwako na hakuna atakayekifuta, lakini mwenyewe hakukuuzia. Katika ya kwanza huenda umedhulumiwa kwa kufichwa. Katika ya pili huenda umeshiriki kudhulumu. Mcha Mungu hujihadhari na zote mbili, na zaidi na ya pili, kwa kuwa aliyedhulumiwa ana malipo kwa Mola wake, na aliyedhulumu ana hesabu.

Tufanyeje basi? Haya ndiyo niliyowaambia mabinti wa habuba, nami nayarejea hapa.

Kwanza, tujue tunachokilipia. Kabla ya kubonyeza "nunua", tujiulize maswali manne: naweza kukihifadhi nje ya programu hii? Naweza kumpa mwanangu? Naweza kukiuza? Nikifa, kitarithiwa? Majibu yakiwa "hapana", basi hiyo ni kodi hata ikiitwa ununuzi. Hakuna haramu ya kulipa kodi ukiridhika nayo. Ubaya ni kulipa bei ya nyumba kwa ajili ya chumba cha kupanga.

Pili, yale tunayoyapenda kwa dhati, tuyanunue kwa wenyewe. Vikundi vingi vya qaswida na madrasa zetu vina rekodi zao. Tuwaendee, tuwaombe sidii au faili lenyewe kwenye flashi yetu, tuwalipe, na tupate karatasi inayosema wametuuzia nakala hiyo iwe yetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, inatufundisha kuandikiana tunapokopeshana; haitatushinda kuandika risiti. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, tuzitunze sauti za nyumbani. Milki nayo ina mzigo wake: mkanda wa kaseti huota ukungu, hushikana, na hewa yetu ya chumvi haiusamehi. Nyumba nyingi za pwani zina kaseti za harusi, za maulidi, za sauti ya baba akimsomea mtoto hadithi, na hakuna tena redio ya kuzicheza. Tuziingize kwenye kompyuta mapema, tuweke nakala mahali pawili, moja iwe kwa ndugu mwingine. Kuzipakia kwenye akaunti ya mtandaoni kisha tukalitupa sanduku ni kuiacha milki yetu tukashika ruhusa ya mtu.

Nne, tuandike. Katika wasia zetu, au kwenye daftari alilo nalo mtu mwaminifu, tuorodheshe vilivyo vyetu na vilivyo vya kukodi: flashi hii, diski ile, akaunti hii inayokatwa fedha kila mwezi ifungwe nikifa. Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya Kenya imeipa kazi ya kutuamulia mirathi sisi tunaoiendea, itagawa alichokimiliki marehemu. Kadhi hawezi kugawa ruhusa iliyokufa na mwenyewe.

Tano, na hili liko karibu sana na moyo wangu, tukumbuke waqfu. Mama mwenye sanduku la kaseti za mawaidha au sidii za kisomo anaweza kuliweka waqfu kwa madrasa, likawa sadaka yake inayoendelea akiwa kaburini. Mama mwenye akaunti hawezi, kwani sharti la waqfu ni kumiliki, na huwezi kumtolea Mwenyezi Mungu kitu ambacho hata wewe umekikodi. Habuba alikuwa akisema anataka qaswida zile zisikilizwe na watoto wa chuo cha jirani baada yake. Nia yake, in shaa Allah, imeandikwa. Lakini watoto hawakupata kusikiliza.

Namalizia kwa yaliyotokea siku ya mwisho kabla sijarudi Mombasa. Yule kijana wa Kawangware alikuja Makina amebeba redio ya kaseti ya zamani aliyoinunua Toi, kompyuta yake ya kibandani na waya wa kuviunganisha. Nilikuwa nimemwambia kwamba katika urithi wote wa sauti wa bibi yake, ziko mbili ambazo hakuna kampuni wala duka linaloweza kuzidai: zile kaseti mbili za doluka. Hizo ni za wenyewe walioimba. Binti mkubwa alikuwa amekwenda asubuhi ile kwa wanawake wawili waliobaki hai katika kundi lile, kuwaomba idhini. Walikubali kwa sharti moja, kwamba zibaki ndani ya jamaa, zisitiwe mitandaoni, kwani waliimba mbele ya wanawake wenzao.

Basi kijana aliunganisha mitambo, akamwonyesha mama yake pa kubonyeza, kisha akatoka nje akaenda kukaa kwenye benchi la baraza, ili sauti za wanawake wasio mahramu zake zisimfikie. Sisi tulibaki ndani. Mkanda ulikwaruza kidogo, kisha ngoma zikaingia, na juu yake sauti ya habuba akiwa mwanamke kijana, kavu na yenye nguvu. Binti mdogo aliweka mkono juu ya ile redio kama mtu anayemshika mgonjwa bega, wala hakuuondoa hadi upande wa kwanza ulipokwisha.

Mola amrehemu habuba na waliotangulia katika wazee wetu, atuhifadhie vilivyo vyetu, na atuepushe na kula vya wenzetu, tukijua au bila ya kujua. Ukiwa na swali kuhusu haya, muulize shekhe au kadhi aliye karibu nawe, na tusipuuze kusoma masharti kabla ya kubonyeza.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo in shaa Allah.